Machenza ya Zamu ya Usiku

Kwetu usiku hauanzi jua likizama. Unaanza Bibi akishika swichi.

Ta! Televisheni. Ta! Mashine ya maji moto. Anazunguka nyumba nzima na ndala zake, soketi moja baada ya nyingine, mpaka hakuna taa nyekundu hata moja inayobaki. Jiko la umeme la wali analichomoa kabisa. Siku moja alizima hadi pampu ya hewa ya samaki wa Mjomba Kun-tai. Asubuhi tukawakuta samaki wote wamejazana juu ya maji, midomo wazi, kama wanakwaya waliosahau wimbo. Hawakufa, ila Mjomba alibandika karatasi nyekundu kwenye ile swichi: MAMA, HAPA HAPANA.

Mjomba ni mdogo wake Mama. Anahudumia mashine kwenye kiwanda cha skrubu hapahapa Gangshan, kwa hiyo anajiona daktari wa kila kitu chenye waya.

"Mama, siku hizi vitu havizimwi bwana, vinalazwa," huwa anamwambia Bibi. "Kompyuta inasinzia tu. Asubuhi ukiigusa, inaamka palepale ilipoishia."

"Kitu kikisinzia bado kinakula umeme."

"Hakili, kinalamba."

"We, anayelamba usiku kucha si anashiba?"

Hapo Mama anajifanya ana vyombo vya kuosha.

Basi Mwalimu Ruan alipotuambia kila mtu akaulize nyumbani kwao, vifaa usiku vizimwe au vilazwe, halafu asimame mbele ya darasa aeleze, wenzangu walinung'unika eti hawana la kusema. Mimi la kusema ninalo mpaka linamwagika. Shida yangu ni kusimama.

Nikisimama mbele za watu mdomo unafunguka, sauti haitoki. Kuna siku nilisoma ukurasa mzima, halafu waliokaa mbele wakauliza naanza lini. Kwa bahati mbaya nilishawasimulia habari ya samaki wa Mjomba. Shao-wei, anayekaa nyuma yangu, akaniita Samaki, na jina likakaa.

Nikamfuata Mwalimu nje ya darasa, nikamuuliza kwa kunong'ona kama naweza kuleta video.

"Sawa, Pin-rui," akasema. "Lakini Ijumaa video isipokuwepo, utasimama kama wenzako."

Nilifanya kazi ile kama nakimbizwa. Nikamrekodi Bibi akizunguka na ndala zake. Nikamrekodi Mjomba akiongea na kompyuta kama mtoto mchanga. Sauti yangu nikairekodi chini ya blanketi, ndiyo maana inasikika kama ya mtu aliye kisimani. Alhamisi jioni ikabaki hatua moja tu, kompyuta ishone vipande vyote viwe video moja. Kompyuta yetu lakini ni kizee. Ilitupwa kiwandani, Mjomba akaiokota. Ikaniambia itamaliza alfajiri.

Alfajiri! Na Bibi je?

Nilisubiri mpaka tunakula, maana Bibi akiwa na supu ya figili mkononi anakuwa mpole.

"Bibi, leo kompyuta usiizime. Naomba."

"Kwa nini? Ina homa?"

"Inafanya kazi yangu ya shule. Ikizimwa, kesho nasimama mbele ya darasa."

"Si usimame? Miguu unayo."

"Bibi!"

Mjomba akaingilia na mdomo umejaa tambi. "Mama, mwachie mtoto. Nimeshaipanga mwenyewe ile kompyuta, nimeiwekea na pakiti yake ya kijani juu. Haina neno."

Ile pakiti ya bisi tamu za mahindi, kiwandani kwao kila mashine inayo, kama hirizi yake. Lazima iwe ya kijani, rangi ya taa ya mashine inayofanya kazi. Ukiweka ya njano mashine inagoma, ukiila ndiyo umejiroga mwenyewe. Mjomba anayebisha kila kitu cha Bibi, hapo habishi hata kidogo.

Bibi akaweka bakuli chini. "Kitu kifanye kazi usiku kucha, peke yake, gizani?"

"Ni mashine, Mama."

"Na zamu ya usiku kiwandani kwenu mnakesha na njaa?"

"Tunapewa chakula, lakini..."

"Haya basi." Akanigeukia. "Usiku mmoja tu, A-Rui. Sitaigusa swichi yake. Nikisema nimesema."

Nilikwenda kulala, lakini masikio hayakulala. Nilisikia ndala. Ta! Ta! Zikafika kwenye kompyuta, zikasimama. Nikashika blanketi. Halafu zikaenda jikoni, zikarudi, zikasimama tena pale muda mrefu. Sikusikia ta. Usingizi ukanichukua hivyohivyo.

Asubuhi niliruka kitandani bila soksi, na baridi yote ile ya mwezi wa kwanza.

Juu ya kompyuta palikuwa na pakiti ya kijani, sawa. Lakini juu ya kibodi, katikati kabisa ya vitufe, kulikuwa na machenza, mawili chini na moja juu, yamepangwa vizuri kama Bibi anavyompangia mungu wa ardhi sadaka pale mlangoni. Na skrini ilikuwa imejaa alama moja ileile, mstari kwa mstari, ukurasa kwa ukurasa, inaendelea kujiandika mbele ya macho yangu.

Nikapiga kelele. Mimi! Mpaka Mama akatoka na mswaki mdomoni.

"Bibi, umeweka nini?"

"Chakula," Bibi akasema, wala hana wasiwasi. "Pakiti moja ya bisi kwa usiku mzima? Mtu mzima hashibi."

"Umeiharibu! Nitasimama!"

Machozi yalishafika. Mjomba akaja na nywele zimesimama, akayaondoa machenza, alama zikanyamaza. Akabonyeza hapa na pale.

"Ngoja. Huu si ule ukurasa ulimoandika maneno yako ya video? Chenza limekalia kitufe, likawa linaandika humu usiku kucha. Video iko huku nyuma." Akaufunga ukurasa.

Video ilikuwepo. Nzima! Imemaliza kabisa.

Nilitaka kumkumbatia, ila Mjomba alikuwa ameganda. Amefungua mahali pengine kwenye skrini, anasoma, masikio yanageuka mekundu.

"Mjomba, nini?"

"Hakuna."

"Kun-tai," Bibi akasema.

"Nilisahau kuizuia isilale," Mjomba akasema, taratibu sana. "Isipoguswa kwa saa mbili, inalala."

"Kwa hiyo jana ingelala?"

"Ingelala, Mama."

"Na kazi ya mtoto?"

"Nayo ingelala. Chenza lilikuwa linaigusa, ndiyo maana ikakesha."

Bibi akamwangalia mwanawe, akaiangalia kompyuta. "Kumbe nyie wawili ni ndugu. Msiposhtuliwa hamfanyi kazi."

Mama alicheka mpaka povu la dawa ya meno likaruka. Yale machenza tuliyamenya palepale, maana chakula kikishatolewa na kupokelewa kinaliwa. Bibi alimpa Mjomba nusu tu.

Darasani video ilikwenda vizuri. Bibi alipotokea na ndala zake, watu walipiga meza. Mimi nilikuwa nimejikunyata kwenye kiti changu, raha mustarehe, nahesabu nimeshapona.

"Samaki," Shao-wei akaita kutoka nyuma. "Mwisho wake kwenu nani alishinda, bibi au mjomba?"

Nikamjibu bila kufikiri. "Machenza."

Darasa zima likageuka kunitazama.

"Machenza gani?" Mwalimu Ruan akauliza.

Sasa habari ya machenza huwezi kuieleza umekaa, unahitaji mikono. Lazima uonyeshe mawili chini, moja juu. Lazima uonyeshe masikio ya Mjomba. Nilipofika kwenye "nyie wawili ni ndugu," Mwalimu alikuwa anajifuta macho, na mimi nikagundua nimesimama. Hata sijui nilisimama saa ngapi.

"Haya, kwa hiyo tuzime au tulaze?" Shao-wei akauliza.

"Chenye kazi kiache, ukilishe," nikasema. "Kisicho na kazi, zima ukalale."

Akawageukia wenzake. "Samaki anaongea, jamani."

Jioni hiyo ndala zikaanza safari kama kawaida. Safari hii Bibi alikuwa anauliza kwanza. "Wewe una kazi leo?" Televisheni haikujibu. Ta! "Na wewe?" Ta! Kwenye kompyuta akanitazama, nikatikisa kichwa. Ta!

Akafika kwenye karatasi nyekundu. Akainama, akawachungulia samaki wakipiga mapovu.

"Nyie mna kazi," akawaambia, akapita.