Mama Amepumzika

Lukresia aliteremka kwenye basi la Kahama akiwa na masanduku mawili, kikapu kimoja, na koti la sufu alilolilaza mkononi kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake amshike. Lilikuwa koti zito, rangi ya damu ya mzee, lenye vifungo vikubwa kuliko macho ya ng'ombe. Jua la Julai lilikuwa limeshika kazi yake pale stendi ya Ushirombo. Mama mmoja wa Kisukuma aliyekuwa akiuza michembe alilitazama koti, akamtazama mwenye koti, akamsalimu kwa Kisukuma:

"Mwadila, mayu. Huko ulikotoka kunanyesha nini?"

"Theluji," Lukresia akajibu.

"Hapa inanyesha vumbi. Nunua michembe."

Akanunua, akatafuna palepale, amesimama, na viazi vile vikavu vikamkwaruza ufizi mpaka machozi yakamlengalenga. Miaka sita hajaonja.

Koti lilikuwa la mama yake, Serafina. Alilinunua mwaka ule ilipokuja barua ya mguu wa mama, akalitunza kabatini miaka mitatu na vidonge vya nondo, na njia nzima, kwenye ndege, kwenye treni mpaka Isaka, hakukubali mtu mwingine alishike. Alikuwa na jambo moja tu rohoni: amvalishe mama koti hilo, amkalishe kitini kama malkia, amwambie, "Sasa pumzika mbele ya macho yangu, nikuone." Mumewe Donatus na watoto walikuwa wamebaki Dar es Salaam kungoja amri ya wizara. Yeye hakungoja amri ya mtu.

Huko walikokaa ni Stockholm, nchi ya Sweden, ambako Donatus alikuwa karani wa masjala ubalozini. Watu wa nyumbani waliposikia neno ubalozi walishika kichwa cha habari wakaacha mwili. Mama Serafina aliwahi kuuliza kwa barua: "Je, ni kweli mkwe wangu amekuwa balozi wa wazungu? Na amepewa nyumba kumi, au zaidi?" Kwa maana balozi anayemjua yeye alikuwa yule wa nyumba kumi, anayekagua vyoo na kuamua ugomvi wa kuku. Donatus alicheka, asisahihishe. Lukresia naye, tuseme ukweli, hakukimbilia kalamu. Utamwambiaje mama yako kwamba balozi wake anapanga mafaili, na kwamba bintiye anasonga ugali wa semolina unaoteleza kooni kama uongo?

Barua za mama aliziandika katekista Telesphori, mtu mpole, mwenye mwandiko wa kulala kama nyasi zilizokanyagwa. Mwaka sabini na sita aliandika kwamba mguu wa mama umevimba, haumpi usingizi, lakini mwenyewe bado anaukokota kwenda shambani kwenye pamba. Lukresia akajibu siku hiyohiyo: "Mwambieni mama apumzike. Jembe aliweke chini. Namnunulia koti, likizo ikitoka naja nalo."

Baada ya miezi mitatu jibu likaja. Lilikuwa fupi.

"Mpendwa Lukresia, Tumsifu Yesu Kristo. Sisi hatujambo. Tunakuarifu kwamba mama amepumzika. Mateso yake yamekwisha. Tumshukuru Mungu kwa yote. Baba yako Silvesta na mdogo wako Salvina wanakusalimu."

Lukresia alipiga kigelegele. Alicheza pale jikoni, ghorofa ya tatu, akirusha mabega na kukanyaga sakafu mpaka mzungu wa chini akagonga dari kwa mpini wa ufagio. Kisha akaketi akaandika kurasa nne. Tangu hapo haikuja barua nyingine kutoka Ushirombo.

"Posta," alisema Donatus.

"Posta," akaitikia naye.

Likizo ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, kisha vita vya Uganda vikaja, kila shilingi ikavaa buti. Ndiyo sababu alikuwa anafika sasa.

Alikodi baiskeli kubeba masanduku. Nyumba ya baba haikuwa tena kule alikozaliwa. Watu walikuwa wamehamishiwa kijijini kandokando ya barabara, na kule kwao kumebaki mahame. Mwenye baiskeli akamwonyesha mlango, akapokea ujira wake, akaondoka haraka kama mtu aliyekumbuka moto jikoni. Lukresia alitengeneza kilemba, akavuta pumzi.

"Hodi! Hodi wenyewe! Mama! Baba! Nimerudi mimi!" Na akaachia kigelegele kirefu, kile cha arusi.

Uani, juu ya mkeka, alikaa mdogo wake Salvina na lundo la pamba. Alikuwa anachambua, safi kulia, fifi yenye madoa kushoto. Hakuinuka.

"Karibu, Mama Onesmo."

Kigelegele kikakatika kama uzi. Salvina hajawahi kumwita kwa jina la mtoto wake. Tangu alipoanza kutamka, neno lake lilikuwa dada.

"Salvina! Hunijui? Nimenenepa, najua. Ni siagi."

"Nakujua."

"Mama yuko wapi?"

Salvina alichagua tumba moja lenye madoa, akaligeuza, akalitupa kushoto.

"Amepumzika."

Lukresia akashusha sauti papo hapo, akaweka kikapu chini taratibu kwa kunyatia. "Basi nisimwamshe."

Salvina alicheka. Hakikuwa kicheko cha kumkaribisha mtu.

"Mwamshe," alisema. "Mwamshe, Mama Onesmo. Wewe ukiweza kumwamsha, kijiji kizima kitakuchinjia ng'ombe."

Lukresia aliangaza macho. Alitafuta fimbo ya mama mlangoni, hakuiona. Akatafuta kanga yake kwenye kamba, ile ya maembe ya njano iliyochujuka, akaiona. Ilikuwa kiunoni mwa Salvina, imefungwa kama kitu cha mtu mwenyewe.

Lukresia akaelekea kwenye mkeka akae.

"Usikae!" Salvina akasema kwa sauti ya chini. "Hujalia. Mtu asiyelia msiba hakai kwenye mkeka wa wafiwa."

"Lini?"

"Mguu ule ule. Mwaka ule ule. Si tulikuandikia?"

"Mliniandikia amepumzika!"

"Ndivyo alivyoandika Telesphori. Baba alimwambia, andika amekufa. Yeye ati neno hilo ni zito, haliwezi kupanda ndege. Akaandika la kanisani." Mikono ya Salvina haikuacha pamba. "Na wewe ukajibu. Unajua barua yako ilifika siku gani?"

Lukresia alilihamishia koti mkono wa pili.

"Siku ya kusimika msalaba. Watu wamejaa, wa Runzewe wamekuja, masista wamekuja. Telesphori anatoka misheni na bahasha inapepea, anasema, tunaye pia mtoto aliye mbali, tumsikie. Akafungua mbele ya kaburi. 'Wapendwa wangu, nimefurahi mno kusikia kwamba mama amepumzika. Nilikuwa naliomba jambo hili siku nyingi.'"

"Salvina, basi."

"Hata mimi nilisema basi! Yule mtu akianza kusoma hasimami mpaka Neno la Bwana. Akaendelea. 'Nimecheza ngoma jikoni mpaka wazungu wakagonga dari. Jumapili tutanunua keki.' Keki, Mama Onesmo! Mjomba Mabula aliondoka kaburini bila kuaga. Wanawake walifunika vinywa kwa kanga, na sijui mpaka leo nani alikuwa analia na nani alikuwa anacheka."

Kutoka chumbani ikasikika sauti ya mzee, kavu, inayoburuta miguu.

"Salvina! Nani huyo? Nimesikia kigelegele."

"Mpita njia, baba. Anauliza misheni."

"Mwonyeshe." Fimbo ikagonga sakafu. "Nilidhani ni kilio."

Lukresia alifungua mdomo. Salvina akainuka, akauziba kwa kiganja chenye nyuzi za pamba.

"Macho yake yamekwisha," alimnong'oneza, "na masikio yako njiani. Lakini kwa barua ile yeye peke yake alikataa. Alisema karatasi imekosea. Alisema, Lukresia ana sauti tangu utoto, siku atakayopata habari mtamsikia kutoka barabarani. Miaka mitatu kigoda chake kinatazama barabara. Watu wamemcheka mpaka wamechoka. Sasa wewe unamwingilia na kigelegele?"

"Nifanye nini?"

"Rudi barabarani uje upya. Uje kama mtu."

Kwa watu wa huko, aliyekosa kumzika mzazi habishi hodi. Huanza kulia akiwa mbali, na waliomo ndani humpokea kwa kilio, hata ikiwa miaka imepita na nyasi zimeota. Lukresia aliacha masanduku, akaacha kikapu. Koti alisahau kuliacha. Akatembea nalo mpaka kwenye mti wa mwisho wa minyaa, akageuka, akaielekea nyumba ya baba yake, akaweka mikono kichwani, akafungua kinywa.

Hakikutoka kitu.

Akajaribu tena. Ikatoka sauti ndogo, ya panya aliyebanwa na kifuniko. Huko alikotoka alikuwa amejifunza kulia bafuni, bomba likiwa wazi, ili watoto wasisikie na mzungu wa chini asishike ufagio. Miaka sita ya mazoezi. Machozi yalikuwepo, tena mengi, yalishuka mpaka kidevuni, lakini sauti ilikuwa imefungwa kufuli na ufunguo umebaki Ulaya.

Majirani wawili walisimamisha mitwangio. Lori la wachimbaji wa Segese likapita, likawapaka wote vumbi, likaenda zake.

Salvina akaja akikung'uta kanga.

"Unangoja nini? Baba ameshatoka. Amekaa."

"Sauti haitoki."

"Mtu aliyepiga kigelegele sasa hivi?"

"Kile kilitoka."

Salvina alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu afike. Akaona machozi. Labda hayo ndiyo yaliyomfanya aulize swali ambalo alikuwa amelikalia miaka mitatu.

"Hukujua? Niambie mimi. Hukujua kweli?"

Lukresia angeweza kusema sikujua, na mambo yangeishia hapo. Lilikuwa jibu jepesi, na ushahidi wake ulikuwepo kwa mwandiko wa katekista.

"Nilijua kidogo," alisema.

"Kidogo vipi?"

"Mguu haukuandikwa. Nikajiuliza, kama amepona, mbona hawakuandika mguu umepona? Na salamu. Kulikuwa na za baba na zako. Za mama hazikuwepo." Alijifuta pua kwa mkono wa koti. "Niliisoma mara mbili. Nilipotaka kuisoma mara ya tatu nikaikunja, nikaitia kwenye kopo la unga. Ndipo nikacheza. Nilicheza kwa nguvu, Salvina. Nauli haikuwepo. Ningejua, ningefanya nini na kujua kwangu, kule juu ghorofani?"

Salvina alikuwa bado na tumba la pamba mkononi, akawa analichambua bila kulitazama.

"Kwa hiyo kidogo," alisema. "Kama fifi kwenye gunia la safi."

"Kama fifi."

"Unajua karani wa mizani akiona fifi moja anavyofanya? Gunia zima analiandika fifi."

"Najua."

"Basi hilo usimwambie baba. Wala mimi hujaniambia."

Alitupa lile tumba. Alifungua kanga ya mama kiunoni, akajitanda kichwani, akamshika dada yake mkono, juu kidogo ya kiwiko, kama wanavyoshikwa wafiwa wasioweza kutembea. Kisha Salvina, ambaye alikuwa amekwisha kulia zamani, siku ya kifo, na siku ya maziko, na siku ya msalaba, akainua uso juu, akapiga yowe lililowaogofya njiwa kwenye minyaa.

"Mama weee! Mama yangu Serafina! Nimekuja sikukuta! Umeniacha na nani, mamaa!"

Wale majirani wakatupa mitwangio, wakaitikia. Nyumba ya pili ikaitikia. Wakaenda hivyo, hatua kwa hatua, mmoja analia kwa sauti na mwingine anafungua kinywa na kukifumba kama samaki aliyetupwa mchangani, koti linaburuta vumbi nyuma yao.

Mzee Silvesta alikuwa amekaa kwenye kigoda, uso kuelekea barabarani, mikono miwili juu ya fimbo. Macho yake meupe hayakupepesa. Walipofika mbele yake Lukresia alipiga magoti, akaweka kichwa kwenye mapaja ya baba yake. Mzee akapapasa, akakuta sufu. Akaipapasa kola, akapapasa vifungo, kimoja kimoja, akavihesabu mpaka cha mwisho.

"La mama yako hili?"

Lukresia akatikisa kichwa kukubali, mzee akauhisi mtikiso pajani.

"Angepata joto nalo," alisema. Kisha akainua uso kuelekea walipo majirani, waliomcheka miaka mitatu. "Mmesikia? Niliwaambia. Huyu mtoto ana sauti. Ulaya nzima haijamharibia sauti."

"Tumesikia, baba," akasema Salvina, naye sauti imemkauka.