Indiketa ya Kulia

…na kwa nini usukani hauendi kulia, Ketrina anajiuliza, kidole kiko juu ya kitufe cha kutuma ripoti, foleni ya malori Tunduma haijasogea tangu asubuhi, kompyuta inaonyesha indiketa iliwaka kulia, usukani ukatulia tuli, ikawaka kushoto, usukani ukaegemea kushoto kidogo tu, kisha ukarudi, sasa huko ni kukata kona gani, jamani, miaka miwili ameifundisha kompyuta kubashiri mkono wa dereva kabla haujageuka, chuoni haikukosea, wanafunzi wamekaa kwenye kiti cha majaribio, barabara iko kwenye skrini, na leo imempa baba yake mdogo, Zabron, dereva wa lori hili, makosa arobaini na moja kutoka Mbeya mpaka hapa, na tajiri wa lori ameshasema, ripoti saa sita, atakayefelishwa na mashine anashuka, kazi basi… "Haya mahindi ni ya leo au ya Pasaka?" Zabron anamchokoza muuzaji dirishani, "Ya leo, baba, acha hizo!"… hana habari huyu, anacheka, miaka ishirini na sita barabarani, labda kweli amezeeka, labda anasinzia, hapana, angesinzia pale mteremkoni Mlowo wasingefika, Mlowo… mbona Mlowo, pikapu ya baba, magunia ya kahawa nyuma, yeye ana miaka sita kabanwa katikati ya baba na mama, mbele lori refu, linawasha kulia, baba anapunguza mwendo, "Ametukataza, kuna gari linakuja," wanasubiri, linawasha kushoto, linajisogeza pembeni kidogo, "Haya, ametupa njia," na yeye anapiga makofi… Mungu wangu, baba mdogo alikuwa anaongea, mkono wake ulikuwa unaongea na watu wa nyuma, na kule chuoni nyuma ya kile kiti hapakuwa na mtu, hakuna hata mmoja aliyewahi kuwa na mtu nyuma, na yeye Ketrina alilijua hili kabla hajajua kusoma, aibu gani hii, ametoa kidole kwenye kitufe, bado kuna kosa moja la mwisho, kompyuta imeandika *dereva amechanganyikiwa*…

"Baba mdogo, na ile indiketa ya kulia kushoto, kulia kushoto, upesi upesi?"

"Ile?" Zabron anamkatia kipande cha hindi, foleni iko pale pale. "Ile ni asante, mwanangu."