Mlo wa Matanga

Unga ulipopanda bei, kila mama wa Suna, mjini Migori, alitafuta njia yake. Kuna waliohamia mgongo wazi, ile mifupa ya samaki wa mbuta iliyokwisha kuchunwa minofu. Kuna walionunua mafuta ya kupima, ya shilingi kumi kumi, wakawazoesha watoto chai ya rangi isiyo na sukari. Millicent yeye alikwenda matangani.

Msimcheke kwanza. Baba wa watoto wake alivuka mpaka wa Sirari kufuata dhahabu upande wa pili, na sijui dhahabu ilimla au yeye ndiye aliyeila, maana habari zake hazikurudi tena. Aliachiwa Liz wa miaka tisa, Clifford wa saba na Dorine wa minne. Dorine ndiye aliyemkosesha usingizi. Nywele zake zilikuwa zimeanza kugeuka rangi ya kutu, miguu imevimba, na nesi wa kliniki alikwishasema wazi: huyu mtoto apate maziwa na mayai kila siku, la sivyo mtampoteza. Alisema kwa upole, kama kwamba maziwa yanachotwa mtoni.

Basi kila Ijumaa Millicent alijifunga kitambaa cheusi, akawachukua wanawe watatu na kwenda kusimama nje ya mochari. Hapo familia huja kuchukua wafu wao kuwapeleka makwao, na hukodi basi la waombolezaji, na basi hilo halikosi nafasi. Hakuna anayemuuliza mtu anayelia kama amelipa nauli. Ukiulizwa unamjuaje marehemu, unajibu kwamba mlikuwa mkisali pamoja. Ijumaa usiku mnakula, Jumamosi mnazika na kula nyama, Jumapili asubuhi mnakunywa chai na mkate, mnarudishwa mjini. Siku tatu katika kila saba jiko la Millicent halikuwashwa. Pakiti ya unga iliyokuwa ikiisha Alhamisi sasa iliwavusha wiki. Wapo waliojua na kumsema, lakini wanaosema hawakuleta hata gorogoro moja ya mahindi.

Ijumaa hiyo marehemu aliitwa Cephas, mnunuzi wa samaki, mtu wa kisiwa cha Mfangano. Basi liliwafikisha Mbita, wakapanda boti pamoja na jeneza, wakavuka hadi kisiwani. Boma lilikuwa kubwa. Ng'ombe walikuwepo, kuku walikuwepo, na jikoni sufuria zilikuwa zimepangwa tangu ukutani hadi mlangoni. Millicent aliona maziwa yakichemshwa kwa ndoo, akamtazama Dorine.

Alipofika mbele ya jeneza alianza kulia kama kawaida yake, kilio cha kuazima. Lakini siku hiyo kile cha kuazima kiliamsha cha kwake. Alimlilia mume aliyepotea, akamlilia Dorine, akalia mpaka wanawake wakaja kumshika. Ndipo watu walipomtazama, kisha wakamtazama Dorine, aliyekuwa amesimama chini ya picha ya marehemu akitafuna kipande cha maini. Mtoto alikuwa na mwanya kwenye meno ya mbele. Marehemu kwenye picha alikuwa akicheka, na mwanya wake ulikuwa uleule. Mianya iko mingi duniani, lakini mwenye msiba haoni ya wengine.

Jioni aliitwa ndani. Mama Jerusha, mama mzazi wa Cephas, alikuwa ameketi mkekani, na Wangwe, kaka mkubwa wa marehemu, amesimama nyuma yake.

"Cephas alikuwa ameniambia kuna mama huko Migori ana mtoto yake," mama mzee alisema. "Jina hakusema. Alikuwa anangoja apate pesa ndio alete nyinyi nyumbani. Niambie ukweli, nyathina, mtoto wangu. Ni wewe?"

Millicent aligeuza uso. Kwa dirisha alimwona Dorine nje, ameshikilia kikombe cha maziwa kwa mikono miwili. Kilikuwa cha pili. Kikombe cha kwanza alikinywa kwa pupa hata akakohoa, na msichana wa jikoni akacheka, akamwongezea.

"Ndiyo, mama," alisema. "Ni mimi."

"Wale wengine wawili?"

"Wale ni wa bwana wa kwanza."

Mama Jerusha alifunika uso kwa leso akalia kimyakimya. Wangwe hakulia.

"Sikiza," alisema. "Wewe hatukujui. Ng'ombe hatukupeleka kwenu, kwa hivyo mambo ya shamba usianze. Kesho utaenda na hao watoto yako. Lakini huyu ni damu yetu. Hatoki hapa."

Kama angekataa, pale ndipo pangekuwa mahali pa kukataa. Angeweza kupiga magoti na kusema, nisameheni, nilifuata chakula. Wangemfukuza kwa matusi, labda na makofi, na angerudi Suna na watoto watatu na pakiti moja ya unga. Akilini alimwona yule nesi wa kliniki akitikisa kichwa. Alijichukia, na akakubali.

"Hapa maziwa iko, samaki iko," mama mzee alisema, akimshika mkono. "Nitamlea kama vile nililea baba yake."

Jumamosi walizika. Jumapili asubuhi Millicent alichuchumaa mbele ya Dorine, akamfunga vifungo vya gauni.

"Kaa na dani, nyanya yako. Mimi naenda dukani, nakuja."

"Uniletee mandazi."

"Nitakuletea."

Liz alisikia. Alimshika Clifford mkono, akatangulia ufukweni bila kugeuka, na katika safari nzima ya boti hakumtazama mama yake. Clifford ndiye aliyeuliza Dorine yuko wapi.

Walipofika Mbita, mwanamke mmoja alikuwa amesimama gatini, kitambaa cheusi kichwani, mfuko wa karatasi mkononi, mtoto wa kiume mgongoni.

"Dada, pole," alimwambia Millicent. "Hii ndio boti ya Mfangano? Mimi ni Phelesia, natafuta boma ya kina Cephas. Nilikosa nauli, ndio nimechelewa mazishi. Huyu ni mtoto yake. Mama ya Cephas hajawahi kumuona."

Mtoto alichungulia juu ya bega la mama yake, akatabasamu. Alikuwa na mwanya.

Millicent aliona yote mara moja: mwanamke huyu akivuka, kabla ya jua kutua Dorine atakuwa ametupwa nje ya lango, mtoto wa tapeli, na kikombe chake kimepewa mtoto wa kweli. Hakukusudia kufungua kinywa, lakini kilifunguka.

"Ndio natoka huko. Usiende, dada. Ndugu zake wanakungoja na panga. Wanasema ni wewe ulimuua. Na mama mzee ameapa hataki kuona mtoto yeyote ametoka Migori."

"Hata mtoto?"

"Hata mtoto."

Phelesia aliketi chini, palepale mchangani, akalia bila sauti. Millicent alimwinua, akamshika bega kama anavyoshikwa mfiwa, akampeleka kwenye basi la waombolezaji. Nafasi ilikuwepo. Phelesia aliketi karibu naye, na yule mtoto, kwa uchovu, akamwegemea Millicent, akalala.

Walipopita soko la Rodi, Phelesia alifuta macho, akafungua ule mfuko. Ndani mlikuwa na mkate na sukari kilo mbili.

"Nilikuwa nimebebea mama ya Cephas. Mtu haendi matanga mikono tupu. Sasa nitapeleka wapi? Chukua, dada, watoto yako wakunywe chai. Wewe umeniokoa."

Liz aligeuza uso dirishani. Millicent alinyoosha mikono yote miwili, akapokea. Aibu ilimchoma mpaka masikioni, na kabla haijamaliza kumchoma, alikwishapiga hesabu kwamba sukari hiyo, kwa watu watatu, itafika mwisho wa mwezi.