Sentimita Tisini Kila Upande

Saa mbili kasoro robo asubuhi, mpimaji wa kituo cha vibali alinyoosha tepu yake juu ya tela lililoegeshwa getini, kutoka ukingo wa kushoto hadi wa kulia, akasoma mita mbili na sentimita sitini. Juu ya tela hilo ilikaa transfoma kubwa iliyofungwa kwa minyororo, nayo ilitokeza nje sentimita tisini kila upande. Transfoma haikupimwa. Katika kituo kile hupimwa tela, kwa sababu ukingo wake umenyooka na tepu hutulia juu yake. Ndivyo mwanamke huyu alivyofundishwa na mpimaji aliyemtangulia, naye alifanya hivyo miaka sita bila kukemewa.

Kanuni zenyewe zilikuwa wazi. Mzigo unaozidi upana wa mita tatu na nusu hauruhusiwi kupita mtaani mpaka barabara ifungwe na wakazi wa kando yake waondolewe kwa muda. Usiozidi hupita mchana, ukitanguliwa na gari lenye bendera nyekundu. Lakini kufunga barabara kulihitaji barua kwa ofisi nne. Kwa hiyo vibali vyote viliandikwa mita mbili na sentimita sitini, na mizigo yote ikapita.

Upana ambao haukuandikwa ulichukuliwa katika nyumba. Kila mzigo ulipopita, nyumba zilizopakana na barabara zilipungua kwa ndani sentimita tisini. Kwa nje zilibaki kama zilivyokuwa, rangi ileile, baraza ileile. Wakazi walizoea kusogeza makabati mapema. Fundi cherehani wa nyumba ya pili, ambaye siku moja alichelewa kuondoka dirishani, sasa alikuwa mwembamba kama kitambaa alichokuwa akikishona. Aliendelea na kazi yake. Wateja walisifu mishono yake kwamba imenyooka kuliko zamani, na yeye mwenyewe hakulalamikia kitu isipokuwa upepo.

Mpimaji alikuwa mjane, akiishi katika mtaa huohuo na mama mkwe wake, ambaye miguu yake ilikuwa imekufa ganzi tangu mwaka uliopita. Sebule yao ilikwisha kwa mizigo mitatu. Mzigo wa nne ulikula chumba cha nyuma, kikabaki mita moja na sentimita kumi, upana wa kitanda na mahali pa kuweka ndoo. Nyuma ya hapo palikuwa na ukuta wa kiwanda. Mpimaji alikuwa amepiga hesabu usiku kucha bila kupata usingizi, na kila alipotoa tisini katika mia moja na kumi, jibu lilikuwa lilelile.

Ndiyo maana asubuhi hiyo, baada ya kupima tela, alipanda juu yake na kuweka tepu kwenye transfoma. Tepu ililia juu ya chuma.

Dereva alichungulia kutoka kwenye kabini. "Dada, leo unapima mpaka kofia?"

Alimwomba ashuke ashike upande wa pili. Dereva alishuka, akashika, wakasoma pamoja mita nne na sentimita arobaini.

"Nilijua," dereva alisema kwa sauti ya chini. "Nikifika mtaani kwenu huwa nafumba macho."

Mpimaji aliandika kipimo hicho kwa herufi na kwa tarakimu, kisha akapeleka fomu ndani. Mkuu wa kituo aliisoma mara mbili. Alieleza kwa upole kwamba fomu inauliza upana wa gari, na kwamba transfoma si gari.

"Mama mkwe wangu yumo ndani, Mkuu."

"Basi na apishe."

Mkuu alikata maandishi kwa mstari ulionyooka, akaandika mita mbili na sentimita sitini, akagonga muhuri. Getini injini ilinguruma.

Msafara wa namna hiyo hauendi kasi kuliko mtu anayetembea, hivyo mpimaji alivua viatu akakimbia, akalipita tela, akalipita na gari la bendera. Mtu mwenye kipaza sauti ndani ya gari hilo alimtaka aondoke barabarani kwa usalama wake. Nyuma yake alisikia milango ikifungwa nyumba hadi nyumba, na kabati moja likiburuzwa.

Mama mkwe alikuwa macho, amejifunika hadi kidevuni. Kikombe kilikuwa kimeanza kutetemeka kwenye sahani yake. Mpimaji alipitisha mikono chini ya makwapa yake na kuvuta, lakini mlango wa chumba, ambao nao ulikuwa umepungua pamoja na mengine, haukuwa na nafasi ya watu wawili kwa pamoja. Alivuta tena.

"Acha, mwanangu. Utanivunja mkono."

"Mama, linakuja."

"Nalisikia. Wewe toka. Tukibaki sote humu, nani atanisomea barua za kituo?"

Mpimaji alitoka chumbani, lakini hakwenda mbali. Alibaki akiushika mkono wa mama mkwe wake kupitia mlangoni, yeye akiwa upande wa nje. Kivuli kiliingia kwanza, kisha harufu ya mafuta, kisha chuma kikapita polepole mbele ya dirisha bila kugusa hata pazia. Aliuhisi ule mkono ukipoteza unene wake ndani ya kiganja chake, kidogo kidogo. Ulikuwa bado na joto.

Transfoma ilipokwisha pita, chumba kilibaki sentimita ishirini. Alimtoa mama mkwe kama mtu anavyotoa shuka lililonasa nyuma ya godoro, akamtazama juani. Alikuwa mzima. Alisema ana kiu, lakini hakujua maji yatakaa wapi.

Kesho yake mpimaji alimpeleka kituoni, akiwa amemlaza kati ya vipande viwili vya kadibodi ili asikunjike. Mkuu alimwamkia shikamoo, kwani alikuwa mtu mwenye adabu, akapokea marahaba yake, akampindua na kumgonga muhuri mgongoni: IMEPOKELEWA. Kisha alimweka katika trei ya malalamiko. Humo walikuwamo wengine, wa mitaa mingine, na walijisogeza kumpa nafasi. Kwa kuwa feni ilikuwa inazunguka, Mkuu aliweka jiwe juu yake, taratibu, asimwumize.

Mama mkwe aliuliza wa chini kabisa aliletwa lini. Sauti ya mzee ilijibu kwamba hakumbuki mwaka, ila wakati huo Mkuu alikuwa bado karani.

Mpimaji alisimama palepale mpaka honi ilipopigwa getini.

"Nenda, mwanangu," mama mkwe alisema chini ya jiwe. "Usije ukafukuzwa, wakatuletea mgeni."

Lilikuwa tela jingine, limebeba tangi la chuma jeupe. Mpimaji aliinama chini ya tangi, mahali penye kivuli, akapima tela.