Jicho la Upande wa Pili

Mwanatumu, jirani asiyejua kumeza neno, ndiye aliyemletea Mwanamkisi habari. "Mumeo metia ito, jicho la rangi, kwenye mtepe wa Bi Radhiya. Ukilitazama, wadhani lakupenda."

Bi Radhiya wa Chundwa, mjane, ana mali, tena mzuri! Mwanamkisi alishikwa na kijiba cha roho mpaka wali ukamuungulia. Tangu binti yao Kadija afe kwa ndui mwaka uliopita, mumewe Athman hakuwa na neno nyumbani. Hata mazishini hakulia. Alfajiri keshakwenda zake Matondoni kupaka rangi vyombo vya watu. Kumbe huko ana wa kumtazama!

Kesho yake akajitanda buibui, akapanda punda, akaenda kujionea. Mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba, ulikuwa nchi kavu, ubavu mmoja umekaribiana na ukuta. Mbele, pale mafundi wote huchora duara na nukta basi, Athman alikuwa amechora jicho linalocheka, limekunjika pembeni. Lilikuwa zuri, na uzuri wake ukazidi kumtia hasira.

"Ito hili la nani?" alimkabili mumewe, mafundi wakisikia. "Mwaka mzima hukunitazama mimi, hapa wampambia mjane!"

Athman akageuka, burashi mkononi. "Ndoo," akamwita kwa mkono, akampitisha kwenye upenyo baina ya chombo na ukuta.

Jicho la upande wa pili lilikuwa na kope iliyolegea, imefunika nusu ya mboni. Kadija alizaliwa na kope ile. Mwanamkisi akaigusa kwa kidole.

"Kila mtu aniambia nisubiri, mwanamume halii," alisema Athman. "Ubao hauniambii kitu. Ndipo nikatia hapa yaliyo moyoni, kicheko chake na uchungu wangu. Sikuwa na pengine pa kuyaweka."

Mke mwingine angeomba radhi. Mwanamkisi wivu ulimpanda upya, mkali kuliko ule wa mjane. Mwaka mzima alilia peke yake akidhani mumewe hana uchungu, naye machozi yake yote ameupa ubao, tena ubao wa watu, ambao karibuni utakwenda zake!

Alimpokonya burashi.

"Mimi sikukwambia usubiri. Mimi hukuniambia neno." Akamshika mkono. "Twende nyumbani, ulie kwangu. Mtepe huu haukumzaa."