Bunduki ya Saulo

Kwa miaka thelathini na moja Yotamu alikuwa fundi wa kukereza vyuma katika kiwanda cha mbao Mafinga. Shafti ikikatika au gia ikilika meno, aliitwa yeye, hata kama yuko kanisani. Alipostaafu, kiwanda kilimuuzia mashine moja kuukuu ya kukerezea. Akaifunga kwenye kibanda nyuma ya nyumba yake, akiamini kazi zitamfuata. Hazikumfuata. Vipuri siku hizi vinatoka dukani vikiwa ndani ya nailoni, na mafundi wapya pale kiwandani hawakumjua hata kwa jina.

Mwaka wa pili wa kustaafu, mkewe Eveline akafa kwa presha. Watoto walikuja kumzika mama yao, wakakaa siku nne, wakarudi mmoja Dar es Salaam na mwingine Mwanza. Tangu hapo Yotamu aliweza kumaliza siku tatu bila kuongea na mtu ila mama anayeleta maziwa, na huyo naye alikuwa na haraka. Alizoea kuacha redio ikiongea jikoni wakati yeye yuko kibandani.

Rafiki aliyebaki alikuwa Saulo. Walifanya kazi pamoja kiwandani, Saulo akiwa mpasua magogo, mpaka aliporudi kwao Igawa kulima mpunga na mkewe Sabina. Igawa si mbali kwa basi, lakini mtu mwenye shamba hana nafasi. Walionana mara moja au mbili kwa mwaka, mara nyingi msibani.

Kwa hiyo Novemba ile Saulo alipobisha hodi bila taarifa, Yotamu alidhani kuna mtu amekufa. Hakuna aliyekufa. Viboko walikuwa wamehamia kwenye mfereji karibu na shamba la Saulo, na msimu uliopita walikula na kukanyaga nusu ya mpunga wake. Askari wa wanyamapori walikuja kila walipoitwa, ila mashamba yalikuwa mengi na wao wachache. Saulo alitaka bunduki yake mwenyewe. Gobore hakulitaka, maana kwa kiboko gobore ni kama kumrushia kokoto. Alitoa simu akamwonyesha Yotamu video ya mzungu mmoja akipiga bunduki nzito yenye risasi nene kama kidole gumba, bunduki inayojipakia yenyewe kila inapolia.

Alikuwa amekwisha kwenda Mbeya, kwa mzee mmoja muuza silaha aitwaye Makame. Makame alimwambia kwamba ya namna hiyo haiuzi kwa mtu yeyote anayeingia dukani kwake. Alichoweza kumuuzia ni raifo kubwa ya kukoki kwa mkono, na hiyo pia mpaka kibali kitoke. Saulo alianza kufuatilia. Mkutano wa kijiji ulikuwa umempitisha, bado kata, wilaya na polisi. Waliomtangulia kuomba walimwambia ahesabu mwaka mzima.

"Sasa nikakukumbuka wewe," Saulo alisema. "Hakuna chuma kilichowahi kukushinda."

Yotamu alijua jibu sahihi. Lilikuwa hapana, na lilikuwa fupi. Lakini tangu azikwe Eveline hakuna mtu aliyekuja pale kuomba kitu kilichohitaji mikono yake. Akasema aachiwe aangalie. Saulo alilala pale siku hiyo, wakapika ugali na maharage, wakacheka habari za kiwandani mpaka Yotamu akasahau kuwasha redio.

Kabla mpunga haujatoa masuke itakuwa tayari, ndivyo alivyomwahidi asubuhi wakiagana. Saulo akaenda zake na furaha. Alipofika kwake, makaratasi ya kibali akayatia kwenye mkoba, akautundika ukutani, asiyafuatilie tena.

Haikufika hata Krismasi Yotamu alipopata uhakika. Chuma alichokuwa nacho, na chuma chochote ambacho angeweza kukipata Mafinga, kisingehimili mshindo wa risasi ile. Kingepasuka, na kingepasuka karibu na uso wa aliyeishika. Alikaa kwenye kigoda mbele ya mashine yake na kipande cha bomba mapajani, akatafuta maneno ya kumwambia Saulo kwenye simu. Saulo akapiga yeye kwanza. Alisema Jumamosi anakuja kuona kazi ilipofikia, na Sabina amemfungia mchele. Yotamu akasema karibu.

Ikawa hivyo kila Jumamosi ya pili. Saulo alishuka stendi kabla ya saa sita, akapanda kwa miguu akiwa na mfuko begani, na Yotamu alikuwa na kitu cha kumwonyesha. Siku moja ilikuwa kitako cha bunduki alichokichonga kwa mkaratusi. Alimsimamisha Saulo mlangoni, akampima mkono kuanzia bega hadi kidole, akakisugua kitako mpaka kikakaa begani kama kimeota pale. Siku nyingine ilikuwa vipande vidogo vya chuma vilivyong'aa, vimepangwa juu ya kitambaa. Vilikuwa vizuri kweli, na havikuwa na kazi yoyote. Saulo alivishika kwa ncha za vidole, akasema mikono ya rafiki yake haijazeeka hata kidogo.

Siku za katikati Yotamu alifanya kazi polepole. Alichokitengeneza Jumatatu alikifumua Alhamisi. Alifagia nyumba, akanunua kikombe cha pili na kukiweka mezani mapema.

Januari Saulo aliuliza kama arudie makaratasi yake, maana kijijini walisema kata inaharakisha. Yotamu alimwambia hakuna haja, kilichobaki ni kidogo. Februari akasema anasubiri springi. Machi mpunga ukatoa masuke, naye akasema wiki mbili tu.

Kabla wiki mbili hazijaisha simu ililia asubuhi, na haikuwa Jumamosi. Sabina alikuwa ametoka alfajiri kwenda kuziba maji yaliyokuwa yanamwagika kutoka shambani. Mvua ya jana yake ilikuwa imeacha ukungu, na kiboko alikuwa anarudi mferejini. Sabina hakumwona mpaka alipokuwa juu yake. Walimkuta hai, lakini paja na nyonga vimevunjika. Saulo alisema haya yote kwa sauti ya kawaida, kisha akasema wako njiani kwenda hospitali Mbeya, akakata.

Yotamu alikaa siku mbili ndani. Siku ya tatu akavaa koti la kanisani, akapanda basi.

Alimkuta Saulo nje ya wodi, ameketi kwenye ngazi na chupa ya uji ambayo haijafunguliwa. Usiku alikuwa akilala kwa binamu yake mtaa wa Ilomba na mchana akishinda pale. Alionekana amepungua. Alimshika Yotamu mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru kwa kuja, akasema Sabina amefanyiwa upasuaji na ameweza kunywa chai. Jana alipita kwa Makame kumwambia ataendelea na mpango wa kununua. Mzee yule alimpa pole, akafunga duka, akaja naye hadi hospitali kumwona mgonjwa.

"Ila na wewe malizia yako," Saulo akaongeza. "Kazi kama ile usiiache njiani. Tutakuwa nazo mbili."

Yotamu alikuwa hajaketi. Alibaki amesimama ngazi ya chini, kofia mkononi.

"Haitakuwa bunduki, Saulo. Nilijua tangu Desemba."

"Ulijua nini?"

"Kwamba haiwezekani. Chuma hakifai. Ningekupa ikupasukie usoni."

Saulo alimwangalia muda mrefu, kama mtu anayejaribu kusoma maandishi yaliyofutika. Muuguzi alipita kati yao na toroli, wakampisha.

"Na vile vipande ulivyokuwa unanionyesha?"

"Vilikuwa vipande tu."

"Kwa nini hukuniambia?"

Yotamu aliigeuzageuza kofia mkononi. Mwisho akasema, "Ungeacha kuja."

Alitarajia Saulo akane. Hata yeye mwenyewe alitamani akane, ili apate cha kumwombea msamaha. Lakini Saulo hakuwa mtu wa kusema uongo, hata wa kufariji. Alifikiri kidogo, huku akizungusha mfuniko wa chupa bila kuufungua.

"Labda ningeacha," alisema. "Lakini mke wangu angekuwa anatembea."

Akainuka, akaingia wodini. Yotamu alisubiri pale chini mpaka saa za kuona wagonjwa zikaisha na mlinzi akawatoa watu wote.

Mwaka ule lilikuwa limetoka tangazo la kusalimisha silaha za kienyeji kwa hiari. Yotamu alifunga kila kitu ndani ya gunia, kitako, bomba na vile vipande vinavyong'aa, akapeleka kituoni mwenyewe. Askari wa zamu alivimwaga mezani, akavigeuzageuza, akauliza hiki ni nini. Ikabidi aeleze. Walimkalisha nusu siku, wakaandika maelezo: jina, kabila, kazi, anaishi na nani. Alijibu kila swali kwa kirefu kuliko walivyohitaji, kwa sababu tangu Machi hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza habari zake. Walimwonya, wakamwachia. Alipofika nyumbani alifunga kibanda kwa kufuli.

Saulo hakupiga simu. Aprili ikapita, Mei, Juni. Yotamu alimpigia mara nne, simu ikaita mpaka mwisho. Jumamosi bado alikuwa akiamka mapema, kisha akabaki kitandani akisikiliza malori ya magogo yakishusha gia mlimani.

Septemba alipiga Sabina.

"Shemeji, umetususa," alisema, kama vile kosa lilikuwa la kutokuja.

Alimweleza kwamba kibali kilitoka, Saulo amenunua raifo kwa Makame, ile ya kukoki. Amewekewa na kisanduku cha chuma cha kuifungia. Sabina mwenyewe anatembelea gongo na bado hajazoea. Yotamu aliuliza kama Saulo anajua kwamba mkewe amepiga simu. Sabina akasema, "Wewe njoo."

Alikwenda. Sabina alimpokea mlangoni, akihema kwa kuchoka kusimama. Saulo alirudi kutoka shambani mchana, akamsalimia mgeni kwa adabu yote, akanawa. Wakala wali na samaki. Saulo aliuliza kama Mafinga mvua zimeonyesha dalili. Yotamu akasema bado. Akajikaza, akauliza kama bunduki inafanya kazi.

"Inafanya," Saulo alisema. "Nimepiga hewani mara mbili. Waliondoka."

Hakwenda kuileta aione, na Yotamu hakuomba. Saa nane Saulo alirudi shambani. Sabina ndiye aliyemsindikiza mgeni, hatua chache tu hadi mwisho wa ua, gongo likizama mchangani. Kwenye stendi ya Igawa Yotamu alisubiri basi kwa saa nzima, kati ya wauza vitunguu waliokuwa wakikimbilia madirisha ya magari.

Mwezi uliofuata akaenda tena, safari hii bila kuitwa, na mwezi wa baada ya huo pia. Saulo hakumfukuza wala hakumkaribisha. Mara ya tatu Saulo alirudi kutoka shambani akamkuta Yotamu ameketi kwenye mkeka na Sabina, ungo mapajani, anachambua mchele. Saulo alisimama juu yao na bunduki begani, akatoa salamu ya kwao, kamwene, akapita ndani. Sauti ya kisanduku cha chuma kikifungwa ikasikika.

Yotamu aliinamia ungo, akaendelea kutoa mawe.