Flashi ya Heshima

Nassibu mpiga picha, mtu wa Lindi mwenye studio yake Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, alipenda kujitapa kwamba anaijua ndoa itakayodumu kabla hata keki haijakatwa. Usimtazame bwana harusi anapocheka, alikuwa akisema. Mtazame mkewe anapokanyaga shela. Anainama kulitoa, au anageuka kutafuta mtu wa kumwinamia? Na kweli, mara nyingi alipatia. Angejichungulia na yeye hivyo hivyo, wala nisingekuwa na la kusimulia leo.

Miaka ile, jamani, kila kitu foleni. Sukari foleni, sabuni foleni, na filamu ndiyo usiseme. Hata keki ya harusi mara nyingi ilikuwa mbao iliyopakwa chokaa, imeachwa tundu upande mmoja la kutia kipande cha kweli, na watu wanajua na vigelegele wanapiga. Nassibu akipata roli moja ya picha kumi na mbili, anatembea kifua mbele wiki nzima. Sasa harusini kila shangazi anataka apigwe, kila mjomba kaazima suti. Ukimkatalia mtu mbele za watu, umemvunjia heshima. Basi Nassibu akabuni dawa yake. Kamera anaielekeza vizuri, anafumba jicho moja, anasema "Tayari!", kisha gumba linabonyeza kitufe cha flashi peke yake. Mwanga pwaa! Mtu kafurahi, filamu haijaguswa. Mwenyewe aliiita flashi ya heshima. Mtu akija baadaye kuulizia picha yake, jibu ni moja tu: "Ulifumba macho, ikaharibika." Nani atabisha? Hakuna aliyewahi kujiona akifumba macho.

Jumamosi moja alipiga harusi ya Elieshi, binti wa Kimachame aliyekuwa karani, na Anaeli, mwenye duka la jumla pale pale Kariakoo. Sherehe ilikuwa ukumbini Ilala. Kufika saa kumi jioni Nassibu alikuwa amebakiza picha mbili, na hizo alizitunza kwa ajili ya meneja mmoja wa Buguruni, aliyekuwa anamwoza bintiye kesho yake. Huyo meneja ndiye aliyekuwa akimtafutia filamu. Hakutaka kumuudhi hata kidogo.

Mara bibi harusi akatokea uani, anamvuta mama yake mkono. Mama alikuwa huko kwenye masufuria tangu asubuhi.

"Fundi, tupige mimi na mama. Tangu nizaliwe hatujapigwa pamoja, sisi wawili tu."

Mama Elieshi akajifuta mikono, akavua kanga ya jikoni, akasimama karibu na mwanawe. Akatumbua macho kodo kwenye kamera, kama mtu anayeapishwa. Nassibu aliyaona macho yale. "Tayari!" akasema, na gumba likafanya kazi yake.

Baada ya wiki mbili Elieshi alifika studio, akazipekua picha zote, akauliza ya mama iko wapi. "Mama yako alifumba macho, dada. Ikaharibika." Alisema hivyo bila hata kumeza mate. Elieshi akatoka kanuna, na Nassibu akarudi kwenye chai yake.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, Mama Elieshi akaingia studio amejifunga kanga nyeusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?" Hakukaa. "Elieshi hatunaye. Uzazi. Tumemzika nyumbani, Machame, na mtoto wake. Nimekuja kwa mumewe Ilala kuchukua nguo zake." Akashika ukingo wa meza. "Ile picha niliyoiharibu kwa macho yangu, nakuomba unipe hivyo hivyo ilivyo. Sina nyingine niliyosimama naye."

Hapo, wallahi, ndipo mwanamume angesema kweli. "Pole sana, mama," akasema Nassibu. "Njoo keshokutwa. Nitaitafuta."

Kutwa mbili alijifungia. Akatoa picha ya ukoo mzima, ambamo Mama Elieshi alikuwa safu ya nyuma, akaikuza, akamkata kwa wembe. Akambandika ubavuni mwa Elieshi aliyesimama na maua, akapaka wino pembeni, akaipiga upya, akaisafisha. Kazi safi. Alijiambia kwamba anamponya mama wa watu, na nusu ya moyo wake ikakubali.

Mama alipokuja, aliichukua picha kwa mikono miwili akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Nassibu akasubiri kilio, au ahsante.

"Mbona macho yangu yako wazi?"

Loo! Uongo wake mwenyewe alikuwa ameusahau.

"Nilimwambia sikufumba," mama akasema, bado ameiinamia picha. "Nilimwambia, mwanangu, nilijikaza mpaka machozi yakanitoka, sikufumba. Akasema, fundi ameona, mama, wewe unabisha nini? Siku tatu hakusema nami. Nikapanda basi nikarudi Machame. Tukaandikiana barua baadaye, za salamu tu. Hatukuonana tena." Akainua uso. "Kwa nini ulimwambia nilifumba, baba?"

Nassibu alitafuta uongo mwingine, maana alikuwa nao mwingi, akakosa. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Angemtukana, angempiga kofi, ingekuwa nafuu.

"Sikupiga, mama. Niliwasha taa tu. Filamu ilikuwamo, nikawanyima. Niliwawekea watu wengine."

"Na hii?"

"Nimeibandika. Si yenyewe."

Mama Elieshi akaitazama tena, akapitisha kidole pale wino ulipounganisha bega lake na bega la bintiye. Kisha akairudisha mezani, taratibu, uso wa picha juu.

"Basi langu ni la kesho alfajiri," akasema, akijifunga kanga vizuri. "Nikifika tu, nakwenda kaburini kumwambia kwamba sikufumba."